Meno ya chini yalipita wapi? Uchambuzi wa kisa cha mtetea aliyeng'atwa na mbwa

Mtetea mmoja wa kundi dogo la nyumbani, uzito wake karibu kilo 2 na bado akitaga, alinaswa na mbwa jioni kuku walipokuwa wakirudi bandani. Ngozi ya mgongo ilichanika kutoka chini ya shingo hadi karibu na mkia, kipande kikubwa kikaning'inia upande wa kulia na nyama ikabaki wazi. Kila aliyemwona aliutazama mgongo, na si ajabu, maana ulitisha. Lakini mgongo ule ulipona karibu wenyewe. Kilichotaka kumuua ni tundu lililokuwa chini ya bawa la kushoto, dogo, lisilotoa damu, lililofunikwa na manyoya. Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ya tundu hilo, na kwa sababu ya kuku wa pili ambaye sote tungeapa kwamba hakuguswa.

Kuku ni wa shangazi yangu, na yeye ndiye aliyemtoa mdomoni mwa mbwa. Nilipofika alikuwa amemkumbatia kifuani kwa nguvu, mikono ikimtetemeka.

"Mwanangu, leta spiriti haraka, kidonda kimechafuka," aliniambia.

"Shangazi, mlegeze kwanza. Anahema. Kidonda kitangoja."

Kupumua kabla ya kusafisha

Kuku hana kiwambo cha misuli kinachotenganisha kifua na tumbo kama tulicho nacho sisi. Mapafu yake ni magumu, yameshikamana na mbavu, hayatanuki. Hewa huingia na kutoka kwa sababu kidari kinashuka na kupanda, na mwendo huo ndio unaoendesha vifuko vya hewa vilivyotapakaa mwilini. Ukikibana kifua hicho, hata kwa mapenzi, unamfungia pumzi ilhali mdomo na pua viko wazi. Kuku aliyeokolewa mdomoni mwa mnyama anaweza kabisa kufia mikononi mwa anayemhudumia namna hiyo. Tulimzungushia taulo kwa ulegevu, mabawa yakilala ubavuni, macho yamefunikwa, kidari kimeachwa huru.

Kisha tukamtazama tu. Alihema mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Upanga wa kichwani ulikuwa umepauka. Rangi ya upanga inaeleza mengi: ukipauka, damu imepotea au mzunguko wake umedorora, ukigeuka zambarau, hewa haimtoshi. Damu ya kuku ni kati ya asilimia 6 na 8 ya uzito wake, kwa hiyo kuku wa kilo 2 ana mililita 120 hadi 160 hivi, na huo ni ujazo usiofika kikombe kizima. Ndiyo maana damu inayotiririka huzuiwa papo hapo, kwa kitambaa safi kinachokandamizwa dakika kadhaa bila kufunuliwafunuliwa. Hata hivyo ndege huvumilia kupoteza damu kuliko wanyama wengi wanaonyonyesha, na manyoya yakilowa huonyesha damu nyingi kuliko iliyomwagika. Mgongo ulikuwa ukivuja tu, ukaacha.

Hatari kubwa wakati ule ilikuwa mshtuko. Joto la kawaida la mwili wa kuku ni kati ya nyuzi 40.6 na 41.7 za Selsiasi, na aliyejeruhiwa hulipoteza haraka, hasa akiwa amenyonyoka manyoya. Tulimweka kwenye boksi ndani ya chumba chenye giza na ukimya. Upande mmoja tuliweka chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa, ili hewa ya karibu naye iwe nyuzi 27 hadi 30. Upande wa pili tuliuacha bila joto ili akizidiwa asogee. Chakula hakupewa. Maji yaliwekwa mbele yake, tukachovya ncha ya mdomo tu. Kumnywesha kwa kumimina ni hatari kwa sababu mlango wa njia ya hewa ya kuku uko pale pale nyuma ya ulimi, na kuku mnyonge hawahi kuufunga. Maji huishia alikokuwa akivutia pumzi.

Baada ya kama saa moja mkia ulitulia na mdomo ukafungwa. Hapo shangazi akauliza swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: "Si afadhali tumchinje, apumzike?"

Ni swali la haki, na wakati wake ni kabla ya dawa. Kuku akishapewa dawa, nyama na mayai yake hayaliwi mpaka upite muda wa kusubiri uliotajwa kwenye dawa hiyo au na daktari wa mifugo. Mimi ningekubali kumwondolea mateso bila kusita kama matumbo yangekuwa nje, kama mgongo ungekuwa umevunjika na miguu yote miwili imekufa ganzi, au kama angeendelea kuhema vile vile baada ya mapumziko. Nilimfinya kidole cha mguu wa kulia, akauvuta. Nikafinya wa kushoto, akauvuta kwa nguvu zaidi. Tukaamua kumtibu.

Kuyatafuta meno

Mbwa ana meno manne marefu yaliyochongoka, mawili taya la juu na mawili taya la chini, na akiuma hufunga mataya yote mawili. Wazo hilo ndilo lililoniongoza katika kisa kizima. Mgongo ulichanwa na jozi moja ya meno wakati kuku anajikwamua. Jozi ya pili ilikuwa wapi? Lazima ilikuwa upande wa chini wa mwili, na kama haikuchana, basi ilizama.

Tundu la jino hudanganya. Jino likiingia husukuma mate, udongo na vipande vya manyoya hadi ndani, na likitoka ngozi hujifunga juu yake. Nyama iliyopondwa huko chini haifikiwi na damu ya kutosha kupambana na vijidudu. Mdomoni mwa mbwa, na zaidi mwa paka, huwamo bakteria wanaoitwa Pasteurella multocida, ambao ndio hao hao wanaosababisha kipindupindu cha kuku. Mpasuko mpana unaoshwa, unapata hewa na unaonekana kila siku. Tundu halioshwi na halionekani. Ukinipa kuku wawili, mmoja mgongo wazi na mwingine tundu moja la jino, nitamhofia zaidi wa pili.

Matundu hayo huwezi kuyapata kwa kutazama juu juu. Tulivaa glavu, maana mate ya mbwa usiyemjua si ya kushika mikono mitupu, tukalowesha vidole kwa maji ya chumvi na kuyagawa manyoya mstari kwa mstari: shingo, kifua, tumbo, ndani ya mapaja, chini ya kila bawa, kuzunguka sehemu ya haja. Cha kutafuta ni manyoya yaliyogandana. Mate yakikauka hugandisha vinyoya viwili vitatu pamoja hata pasipo na damu. Nyuma kidogo ya kwapa la kushoto vilikuwa vimegandana, na chini yake palikuwa na tundu lenye upana wa milimita 4 hivi. Kingo zake zilikuwa safi, kana kwamba hapakutokea kitu.

Kiputo

Maji ya kuoshea yalikuwa gramu 9 za chumvi kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa, yakaachwa yawe vuguvugu. Spiriti na haidrojeni peroksaidi niliziweka kando kwa sababu huua chembe hai za nyama pamoja na vijidudu, na chembe hizo ndizo zitakazojenga ngozi mpya. Ayodini ya vidonda inafaa ikizimuliwa hadi iwe na rangi ya chai nyepesi.

Mgongo tuliuosha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tena na tena, mpaka maji yaliyotoka yakawa hayana udongo. Manyoya ya pembeni yalikatwa kwa mkasi. Kuyang'oa karibu na kidonda huendeleza mpasuko, kwa sababu ngozi ya kuku ni nyembamba mno. Ile iliyoning'inia tuliirudisha mahali pake na kuiacha bila mshono. Shangazi alitaka ishonwe, na ukiitazama unaelewa kwa nini, ila jeraha la kung'atwa likifungwa hufungia uchafu ndani.

Kwenye tundu la bawani sikutumia bomba. Nilidondosha kwanza tone moja la maji ya chumvi juu yake, tukamwacha apumue. Tone likavimba, likawa kiputo, kikapasuka. Pumzi iliyofuata ikatengeneza kingine.

Jino lilikuwa limefika kwenye kifuko cha hewa. Vifuko hivyo vimeenea kutoka shingoni hadi tumboni, na vingine vinaingia hata ndani ya mifupa, ukiwemo mfupa wa juu wa bawa. Ukisukuma maji kwenye tundu la namna hii, yanakwenda moja kwa moja kwenye mfumo wa kupumua, na kuku anaweza kuzama kupitia ubavuni mwake huku kichwa kiko pakavu. Natamani kila anayefuga ajaribu tone kabla ya bomba kwenye jeraha lolote la ubavu, la tumbo, au la bawa lililovunjika karibu na bega. Tundu hili tulilipangusa kwa shashi iliyokamuliwa vizuri, kutoka katikati kwenda nje, tukalifunika kwa shashi kavu, basi.

Asubuhi ubavu wa kushoto ulikuwa umevimba. Ukiubonyeza ulihisi vipovu vikikimbia chini ya vidole. Shangazi alidhani ni usaha, lakini usaha wa kuku hauko hivyo. Chembe nyeupe za damu yake hazina kimeng'enya kinachoyeyusha mabaki ya vita dhidi ya vijidudu, kwa hiyo usaha wake huwa kipande kigumu cha njano, kinachokatika. Hii ilikuwa hewa inayovuja chini ya ngozi. Daktari wa mifugo alimwona siku hiyo hiyo, akathibitisha, na akaeleza kwamba uvimbe mdogo kama ule hupungua kadiri tundu la ndani linavyoziba. Ukikua hadi kumbana, autoboe daktari. Alitoa antibiotiki na meloksikamu ya kutuliza maumivu, vyote kwa kipimo cha uzito.

Hapa nasimama kidogo. Kwa tundu la jino, antibiotiki haingojei usaha uonekane, na wala si ya kukisia kutoka kabatini. Dawa zinazofaa kuku wa mayai zina sheria zake, na sheria hizo zina sababu: Marekani iliondoa kibali cha antibiotiki ya enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005 kwa sababu ya usugu wa bakteria wanaowafikia watu. Mafuta ya vidonda yenye dawa ya ganzi ya jamii ya benzokaini nayo si ya kupaka ndege, kwa sababu yanaweza kumdhuru.

Kijani, njano na nyeusi

Siku ya tatu nyama na ngozi kuzunguka kidonda iligeuka kijani. "Huyu ameoza, mwanangu," shangazi akasema, na sauti yake ilikuwa imekata tamaa.

Hakuwa ameoza. Kwetu sisi mchubuko hupita rangi kadhaa, kijani kisha njano, kwa sababu mwili unaivunja rangi ya damu kuwa biliverdini, ambayo ni ya kijani, halafu unaigeuza hiyo kuwa bilirubini, ambayo ni ya njano. Kuku hana kimeng'enya cha hatua ya pili, kwa hiyo mchubuko wake hufika kijani na kubaki hapo mpaka ufifie. Sijui ni kuku wangapi wamechinjwa kwa sababu ya rangi hii, na inaniuma kufikiria. Kabla ya kukata tamaa, nusa na uguse. Nyama iliyooza inanuka, ina ubaridi, na kuku mwenyewe anazidi kudhoofika. Huyu alikuwa na joto, hanuki, na alianza kudonoa ukingo wa boksi.

Njano ilikuja juu ya nyama ya mgongo, utando mwepesi ambao mtu angeukwangua akidhani ni usaha. Ni fibrini, kitambaa cha muda ambacho mwili hukitandaza, na kinachoota chini yake ni nyama mpya nyekundu yenye vijipele vidogo. Usikwangue. Nyeusi ilikuja mwisho, kwenye ukingo wa ile ngozi tuliyoirudisha, uliokufa kwa kukosa damu ukakauka na kukakamaa. Daktari alipunguza sehemu yake, iliyobaki ikajibandua yenyewe kadiri ngozi mpya ilivyosogea kutoka pembeni.

Matunzo ya kila siku hayakuwa na mengi. Kuosha, kupaka asali iliyotakaswa kwa ajili ya vidonda ili nyama isikauke, kubadilisha kitambaa cha kulalia. Tulitumia kitambaa badala ya maranda kwa sababu maranda hunata kwenye nyama wazi. Chandarua juu ya boksi hakikuondoka hata mara moja. Mayai ya nzi huanguliwa ndani ya siku moja, pengine saa chache tu kukiwa na joto, na funza wakishaingia chini ya ngozi kazi inaanza upya.

Kilichonipa taarifa za kuaminika zaidi kilikuwa gole, kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Kuku ni ndege anayewindwa, anaficha udhaifu wake, anaweza kusimama na kukukodolea macho huku hajala. Gole halidanganyi: jioni liwe limejaa, asubuhi liwe limelegea na kuwa tupu. Siku mbili za kwanza lilikuwa tupu jioni pia na kinyesi kilikuwa cha kijani, rangi ya nyongo tupu, kama ilivyo kwa kuku asiyekula. Tulimwekea chakula chake cha kawaida kilicholoweshwa, pamoja na yai lililochemshwa na kupondwa. Jioni iliyofuata nilipapasa chini ya shingo yake nikakuta kifuko kidogo, laini, chenye chembechembe ndani, nikamwita shangazi aje ashike mwenyewe. Tangu hapo tulimpima uzito kila asubuhi, na ulipanda polepole.

Katikati ya hayo alitaga yai lisilo na ganda. Ganda la yai huchukua karibu saa 20 kujengwa, na lile lilikuwa njiani mbwa alipomkamata. Tulifarijika lilipotoka zima, kwa sababu yai linalopasuka ndani ya tumbo ni balaa jingine. Baada ya hilo aliacha kutaga, na hatukumhimiza.

Kuku ambaye hakuumia

Usiku ule wa kwanza, kuku wengine walipokuwa wametulia kwenye fito zao, tuliwashika mmoja mmoja na kuwapapasa. Gizani kuku hasumbui. Mmoja, tetea mdogo aliyekula vizuri jioni ile mbele ya macho yetu, alikuwa na manyoya yaliyogandana nyuma ya paja. Tundu lake lilikuwa dogo kuliko la mwenzake. Naye aliandikiwa antibiotiki, na kwa kuwa lilikuwa kwenye nyama ya paja, mbali na vifuko vya hewa, tuliliosha kwa bomba baada ya kulijaribu kwa tone.

Hata hivyo paja lilivimba, likawa gumu. Wiki iliyofuata daktari alilifungua na kutoa kipande kigumu cha usaha chenye unyoya mmoja katikati, unyoya ambao jino lilikuwa limeusukumia ndani. Pango lililobaki liliachwa wazi lijijaze kutoka chini kwenda juu, likioshwa kila siku. Katika kundi zima jeraha hilo lilikuwa dogo kuliko yote, na ndilo lililochelewa zaidi kufunga. Mwenye mgongo uliochanika alikuwa ameshaanza kuota manyoya huyu bado akiwa anaoshwa paja.

Kurudi kwa wenzake

Kuku hudonoa kilicho chekundu, na mwenzao akikaa mbali nao, nafasi yake katika mpangilio wa ubabe huvurugika. Kwa hiyo mara tu alipoweza kutembea, mchana tulimweka kwenye kizimba cha waya ndani ya banda lile lile, aonane nao wasimfikie. Hakuachiwa mpaka mgongo ulipofunga kabisa na ngozi ikafunikwa na manyoya mapya. Kuna wanaopaka dawa ya zambarau, ile GV, kuficha wekundu na kuharakisha kumrudisha. Mimi sikubaliani nayo kwa kuku wa mayai. Mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Kanada ilitoa tahadhari juu ya dawa hiyo kwa sababu ya uwezekano wa kusababisha saratani. Kusubiri kunatosha.

Manyoya yaliyonyofolewa na mbwa yalirudi mapema. Tuliyoyakata kwa mkasi yalibaki vishina mpaka aliponyonyoka kwa msimu, kwa sababu unyoya uliokatwa haukui, unangoja kubadilishwa. Unyoya karibu wote ni protini, basi chakula chake kiliongezwa protini wakati huo. Bawa la kushoto limeshuka kidogo na hawezi kuruka juu kama zamani, kwa hiyo fito moja imeshushwa. Alianza kutaga tena, na mayai ya mwanzo yalifukiwa mpaka muda aliotaja daktari ulipopita, kwa yeye na yule tetea.

Mbwa alipita chini ya uzio kwa kuchimba. Waya uliokuwepo ulikuwa ule mwembamba wa matundu ya pembe sita, ambao unawazuia kuku wasitoke lakini hauwezi kumzuia mbwa asiingie. Shangazi amebadilisha sehemu ya chini kwa wavu wa chuma uliochomelewa, na wavu huo umekunjwa kuelekea nje na kufukiwa chini ya udongo kwa upana wa sentimita 30, ili anayechimba karibu na ukuta akutane na chuma kwanza.